Majina ya Ufagio

Niliondoka nyumbani Kichiwa asubuhi moja ya ukungu bila kujua ninakwenda wapi. Hakuna aliyeniita wala aliyenifukuza. Niliamka, nikanawa uso, nikaona siwezi kuutazama tena ule mlima ulio mbele ya mlango wetu, nikachukua blanketi langu. Mama alikuwa anapuliza moto. Alinitazama akaelewa, maana alikwisha kunizoea. Niliacha shule ya misheni baada ya darasa la pili, kabla Kiingereza hakijaanza kufundishwa, na tangu hapo nilikuwa mtu wa kwenda na kurudi. Nilikaa wiki mbili Wanging'ombe kwa sababu tu nilisikia kuna mtu anayefua majembe kwa chuma cha lori lililokufa, nikataka kumwona. Nilimwona, nikarudi.

Mama alisema neno moja. "Nenda popote, mwanangu. Ila lori la mkonge usipande."

Miaka ile ya baada ya vita, lori la mkonge lilikuwa linakuja kuchukua vijana wetu kwenda pwani kukata katani. Walipewa blanketi, fulana na namba, ndiyo maana waliitwa manamba. Wengi walirudi baada ya miaka miwili mitatu, wengine na baiskeli, wengine na kikohozi. Kaka yangu hakurudi.

Kisha mama akafanya alichokuwa anafanya kila nilipoondoka. Alichukua ufagio wa uwanjani, akauchomeka juu kwenye nyasi za paa, pale juu ya mlango. Kwetu mtu akisafiri, uwanja haufagiwi mpaka kesho yake. Nyayo zake ziachwe mpaka awe amelala usiku mmoja huko aliko. Zifutwe na kuku, zifutwe na mvua, hapana ubaya, lakini zisifutwe na mkono wa mtu wa nyumbani mwake. Wazee wa kanisa walikuwa wanasema hayo ni mambo ya zamani, na wake zao walikuwa wanachomeka mafagio kwenye paa kama wengine wote.

Hapa lazima niseme jambo ambalo sikumwambia mama mpaka alipokufa. Siku kaka yangu alipoondoka kwenda mkonge, mama alimsindikiza hadi barabarani, nami nikabaki peke yangu. Nilikuwa na umri wa kama miaka minane. Niliutazama ufagio kule juu, nikajiuliza: ukifagia, kunatokea nini? Nilipanda juu ya kinu nikauchomoa. Nikafagia, si uwanja wote, ila pale tu kutoka mlangoni hadi kwenye jaa, juu ya nyayo zake. Nikasimama nikisubiri kitu kitokee. Hakikutokea kitu. Nikaurudisha ufagio, nikaenda kuchoma mahindi.

Nilipofika barabarani asubuhi ile ya ukungu, mkono mmoja ulikuwa Makambako na mwingine Njombe. Makambako ndiko malori yalikokutana, na kambi ya mkonge ilikuwa huko. Nikageukia Njombe.

Siku ya pili nilifika mjini nikiwa nimelowa mpaka mifupani. Kwenye kilima nje ya mji, katikati ya miti michanga ya miwati, palikuwa na nyumba ya Mzungu wa barabara, yule aliyesimamia ujenzi wa madaraja. Nilisimama nje ya ua nikitazama bomba lililokuwa linatoa moshi upande mmoja wa nyumba, nikijiuliza moto unawezaje kukaa ndani ya ukuta. Mpishi wake akatoka akaniuliza kama nimetumwa kuiba au nimetumwa kukodoa macho.

Mpishi huyo alikuwa Mkinga wa Makete, mtu mzima, mfupi, mwenye kofia ya sufu asiyoivua hata jikoni. Nilimwamkia kwa heshima. Alipojua natoka wapi alicheka. Wabena na Wakinga hawaachi kutaniana. Aliniambia boi wa nyumba ameondoka juzi, na kwamba mke wa bwana ndiyo kwanza afike kutoka Ulaya, Kiswahili hajui hata neno moja, naye ameamua kwamba badala ya yeye kujifunza lugha yetu, boi atakayemwajiri atajifunza lugha yake.

"Mabwana wengine hawapendi boi ajue Kiingereza," alisema. "Huyu mama bado mgeni, hajaambiwa. Unaweza kushika ufagio, mdogo wangu? Au ninyi Wabena mnaogopa dada zenu watawatungia nyimbo za kuwacheka?"

Nilisema naweza. Sikuwa nimeshika ufagio tangu siku ile ya kaka.

Ndivyo nilivyopata kazi ya kwanza maishani mwangu iliyokuwa na paa. Siku ya tatu nilimpata mtu anayekwenda Kichiwa, nikamtuma kwa mama: mwambie nimepata kazi ya kukaa, kwa Mzungu, mkonge siendi. Baadaye nilisikia kwamba mama alisimama kanisani akatoa shukrani mbele ya watu wote. Ningejua atafanya hivyo, nisingetuma habari mapema.

Kila asubuhi, baada ya bwana kwenda kazini, mke wake, memsabu kama tulivyomwita, aliniita barazani. Baraza lile lilikuwa la sementi iliyopakwa rangi nyekundu, ikang'aa kama tunda la kahawa lililoiva, na vumbi la barabara lilikuwa halikubali kuliacha hata siku moja. Somo la kwanza lilikuwa ufagio. Aliushika kwa mikono miwili, umelala kama bunduki, akasema "broom". Nikasema. Akatikisa kichwa, akasema tena, midomo yake ikiwa mbele kama anayepuliza moto. Nikapuliza nami. Tulipuliziana hivyo mpaka mpishi akachungulia dirishani kuona kuna nini.

Nilidhani somo limekwisha. Kumbe ndiyo lilikuwa linaanza. Ufagio wetu wa nyumbani ni nyasi ngumu za bondeni zilizofungwa kwa gome, basi; hauna kichwa wala miguu. Ule wa memsabu, uliokuja kwa meli, ulikuwa na viungo kama mtu. Ule mti mrefu ulikuwa "handle". Ubao wa chini ulikuwa "head". Zile nywele zenyewe zilikuwa "bristles", neno lililonichukua siku nne kulitamka, na siku ya tano nikaamka nalo mdomoni. Ufagio mdogo wa mkono ulikuwa na jina lake, kizoleo cha bati kilikuwa na jina lake, na vumbi lilikuwa na jina moja likiwa sakafuni na jina lilelile likiwa hewani, jambo lililonishangaza kwa watu waliokuwa wakarimu kiasi kile kwa majina.

Siwezi kueleza furaha yangu ya wiki zile. Usiku nilirudia maneno yale katika kibanda cha nyuma, mpishi akiniambia ninyamaze, nitamwita shetani kwa lugha asiyoijua. Nilijifunza pia kuuliza jina la kitu kwa kukinyooshea kidole, na hapo sikuzuilika. Nilinyooshea kidole kabati, pazia, bomba la moshi, masharubu ya bwana kwenye picha. Memsabu alicheka mpaka akakaa chini. Alikuwa kijana, pengine sawa na mimi, na mchana kutwa hakuwa na mtu wa kusema naye. Sasa naona kwamba alikuwa mpweke. Wakati ule niliona tu kwamba ana majina mengi na anayagawa bure.

Nilifagia vizuri. Nasema hivyo bila kujisifu, kwa sababu ndilo jambo moja ambalo hata yeye hakulikana baadaye.

Mwezi wangu wa tatu pale, bwana alipewa safari ya kwenda kukaa kambini upande wa Songea, ambako mto ulikuwa umebomoa daraja. Angekaa wiki nyingi. Mpishi aliambiwa aende naye. Siku ya safari gari lilipakiwa tangu alfajiri: mahema, masanduku, sufuria, kuku watatu kwenye kapu. Mvua ilikuwa imenyesha, na bwana alipita barazani mara kumi akisahau hiki na kile, viatu vyake vikiacha tope. Mwisho alimshika mke wake mabega, wakazungumza kidogo, akashuka ngazi. Mpishi akanipungia kofia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukiona kichwa chake.

Gari lilipopotea nyuma ya miwati, memsabu alisimama kidogo akiwa amejikumbatia. Halafu akageuka, akaona baraza. Akanionyesha ufagio.

Alisema nifagie. Neno lile nililijua vizuri kuliko yote. Wake wa Wazungu wengine walikuwa wanakuja kunywa chai saa kumi, hilo pia nilikuwa nimeambiwa, na vikombe nilikwisha kuvifuta.

Nilichukua ufagio. Nilikwenda hadi mlangoni, pale nyayo zilipoanzia. Zilikuwa zimekaa wazi juu ya ule wekundu, kisigino na soli, kisigino na soli, mpaka kwenye ngazi. Mikono yangu ikakataa. Nisingependa mtu afikiri nilisimama pale nikiwaza mila. Sikuwaza kitu. Niliona tu uwanja wetu wa Kichiwa na nyayo za kaka yangu, zenye kidole kikubwa kilichokwenda pembeni kwa sababu aliwahi kujikata na shoka.

Nikausimamisha ufagio ukutani. Nikaingia ndani nikaanza kusugua madirisha kwa nguvu sana, ili aone kwamba sikatai kazi. Nikasugua meza. Nikapiga magoti nikasugua miguu ya meza. Memsabu alinifuata, akaniita, akanionyesha tena baraza. Hakuwa amekasirika bado. Alidhani sikuelewa, na akarudia somo letu la kwanza: akaushika ufagio umelala, akasema jina lake polepole, midomo mbele. Nikalisema. Akaonyesha sakafu.

Hapo ndipo nilipogundua ni umaskini gani niliokuwa nao. Nilikuwa najua jina la kila unywele wa ufagio ule. Lakini neno "kesho" sikuwa nalo. "Safari" ningeweza kulisema, naye angelielewa, lakini "arudi salama" sikuwa nalo, wala "naogopa", wala "kaka". Nilikuwa nimejifunza kwa kunyooshea kidole, na mambo hayo hayana mahali pa kuelekeza kidole. Kwa Kiswahili ningemwambia kwa pumzi moja: mama, tuache hadi kesho asubuhi, mumeo akishalala huko nitafagia hata ukuta. Kwa Kibena ningemwambia na asingeniuliza swali. Yule mtu mmoja ambaye angeweza kunisemea alikuwa kwenye gari, amekaa juu ya masanduku, anakwenda Songea.

Nilikusanya nilivyokuwa navyo. Nilinyoosha kidole barabarani, kisha kwenye ufagio, kisha nikatikisa kichwa. Nikasema kwa Kiingereza changu: "Bwana kwenda. Ufagio hapana."

Niliona uso wake unabadilika, sikujua kwa nini. Nikadhani hajasikia, nikarudia kwa sauti zaidi, nikiongeza heshima yote niliyoijua, na mikono nimeifumbata kifuani kama kanisani. Bwana kwenda, memsabu. Ufagio hapana.

Ilinichukua miaka kuelewa alichosikia. Alimsikia kijana mwenye nguvu, siku ya kwanza ya yeye kubaki peke yake katika nyumba iliyo mbali na majirani, akimwambia kwa sauti kwamba mume wake ameondoka na kwa hiyo hatafanya kazi tena.

Hakupiga kelele. Alirudi nyuma hatua mbili, akaniambia niende. Neno hilo alinionyesha kwa mkono, haikuwa lazima nilijue. Nilipiga magoti, nikaanza kufuta kwa kiganja tope lililokuwa pembeni, mbali na nyayo, kumwonyesha. Na hilo nadhani lilimwogopesha zaidi. Akauchukua ufagio mwenyewe. Alikuwa analia. Akafagia kuanzia mlangoni mpaka kwenye ngazi, kwa pupa, kama mtu asiyewahi kufagia, nyayo zote za mumewe, hadi ya mwisho, akazimwaga nje kwenye maua. Nami nilikuwa nimesimama pale, na neno la kumzuia sikuwa nalo.

Kabla sijaondoka aliandika barua, akaniwekea juu ya ngazi bila kunikaribia. Wafanyakazi waliokuwa na barua ndio waliopata kazi kwa Wazungu wengine, kwa hiyo niliishika vizuri, nikajiambia labda si mbaya sana. Nilikwenda nayo mjini kwa Ramadhani, karani mmoja aliyekuwa akiwasomea watu barua nje ya duka la nguo. Aliisoma kimya, akanitazama juu ya miwani.

"Umefanya nini huko, kijana?"

Nikamwomba anisomee kwanza.

"Imeandikwa hivi. Anajua majina ya vyombo vyote vya kusafishia, lakini anakataa kuvitumia bwana wake asipokuwapo nyumbani." Akaikunja. "Nakushauri usimwonyeshe mtu."

"Nisipoionyesha nitasemaje nilifanya kazi?"

"Hutasema," akanijibu, akamwita mtu aliyekuwa nyuma yangu.

Nilikaa Njombe wiki tatu nikigonga milango. Waliotaka barua niliwaambia imelowa. Mmoja alinijaribu, akaniuliza kwa Kiswahili kama najua kazi za ndani, nami kwa ujinga wangu nikaanza kumtajia kwa Kiingereza ufagio na viungo vyake vyote. Alinitazama kama anayetazama mbwa anayetembea kwa miguu miwili. Aliniambia hataki boi wa namna hiyo. Mpishi aliniambia hili siku ya kwanza, nami nilikuwa nimelisahau.

Yule bwana alirudi? Sijui. Mimi niliyetembea siku mbili kumtazama mhunzi, sikuthubutu kurudi kwenye ule ua kuuliza. Nadhani alirudi. Wengi hurudi.

Basi nikashika barabara ya Makambako, kwa sababu sikuwa na barabara nyingine. Siku ya pili mchana nilifika pale njia ya Kichiwa inapoachana na barabara kubwa. Moshi wa nyumba za kwetu ulikuwa unaonekana. Nilikaa juu ya jiwe muda mrefu. Ningeshuka, mama angenikuta mlangoni, na Jumapili angelazimika kwenda kanisani akiwa mwanamke aliyetoa shukrani kwa kitu ambacho hakikuwapo. Wanawake wa Kichiwa wangemwuliza kwa upole sana. Nikainuka, nikaendelea.

Makambako wakati ule haikuwa mji. Ilikuwa njia panda, maduka machache ya bati, malori, na upepo usiojua kupumzika. Nilifika jua likiwa bado juu kidogo, baridi ikianza. Niliomba nilale kwenye baraza la duka moja, mlinzi akaniuliza nina ndugu gani pale. Niliomba kwenye banda la madereva, wakaniambia limejaa, na kweli lilikuwa limejaa. Mtu mmoja akanyoosha kidole kwenye nyumba ndefu ya nyasi ng'ambo ya barabara. Kule, akasema, hawamkatai mtu.

Nilijua ni nini kabla sijafika. Mnyapara wa kambi alikuwa amekaa juu ya debe mlangoni, anakula viazi. Tuliamkiana. Nilimwambia nataka mahali pa kulala usiku mmoja tu, asubuhi nitaendelea na njia yangu.

"Njia ipi, ndugu yangu?"

Nikashusha blanketi langu begani.

"Hapa hulala wanaokwenda mkonge," alisema bila ubaya. "Asiyekwenda simlazi. Lori linakuja kesho. Una mke? Huna. Unajua kuandika jina lako?"

Nilisema najua. Akanisogezea kiazi kimoja. Nilikila nikiwa nimesimama, na nilipomaliza kukila tulikuwa tumekubaliana, ingawa sikumbuki mmoja wetu akisema ndiyo. Nilifikiri juu ya mama, kwamba afadhali alikuwa hajui niko wapi.

Mnyapara alinionyesha ndani. Sakafu ilikuwa ya vumbi, na kando ya ukuta palikuwa na mahali palipoachwa na miili ya watu, nyasi zimelala. Akachomoa ufagio nyuma ya mlango, wa nyasi ngumu zilizofungwa kwa gome, kama wa nyumbani, akaniwekea mkononi.

"Waliolala humu wameondoka leo asubuhi. Fagia, ujipatie mahali."

Akarudi kwenye debe lake. Nikatazama chini. Mlango mzima ulikuwa na nyayo zao zikielekea nje, za miguu mitupu, kubwa na ndogo, zimekanyagana, na kwa namna ya kijinga nilitafuta moja yenye kidole kilichokwenda pembeni. Watu wale walikuwa bado njiani, hawajalala hata usiku mmoja tangu watoke humu. Kila mmoja alikuwa na mama mahali fulani, Lupembe au Makete, aliyechomeka ufagio kwenye paa.

Ningeweza kusema kesho. Safari hii neno nilikuwa nalo, na mtu wa kulielewa alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwangu. Lakini nje palikuwa na baridi, na nyumba nyingine haikuwapo.

Nilifagia. Nilifagia vizuri, kuanzia ukutani hadi mlangoni, kama memsabu alivyonifundisha, nikizoa vumbi kwa ubao. Nilipomaliza nikatandika blanketi langu. Kisha nikapanda juu ya gogo, nikauchomeka ule ufagio ndani kabisa ya nyasi za paa, mahali ambapo mkono hauwezi kuufikia kwa urahisi. Mnyapara aliingia baadaye akauliza umewekwa wapi, maana kesho wangekuja wengine.

Nikamwambia sijui.